Paja la Concilie

Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Godeberthe,

Pokea salamu zangu nyingi za moyoni, nikizituma kutoka huku Rubondo hadi kwako Rutana, zikukute umeketi salama na wajukuu wamekuzunguka. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Na wewe presha yako inaendeleaje? Unameza vidonge vyako, au bado unawagawia majirani kama pipi? Yule mbuzi wako mtundu ameacha kula nguo kwenye kamba? Nijibu yote, hata habari za mbuzi, maana nyumba hii sasa haina mtu wa kunipa habari yoyote.

Barua hii nimempa Élyse, binti wa katekista wetu, anayerudi Burundi na msafara wa wanaorejea nyumbani. Najua utasema: Venuste, simu ipo, karatasi ya nini? Dada, kwenye simu wewe unauliza kama tuko salama, mimi nasema tuko salama, salio linakwisha, na wote wawili tumedanganyana vizuri. Jambo nililonalo haliingii kwenye simu. Tangu tulipokuwa Kigoma tumezoea kuandikiana Kiswahili, na kwenye karatasi nina raha moja, kwamba huwezi kunikatiza.

Uliniuliza matanga ya mke wangu Concilie yaliondolewaje, kwa kuwa mguu ulikuzuia kuja. Nilikujibu kwa kifupi kwamba mambo yalikwenda vizuri, watu walikula wakashiba. Sasa nataka nikueleze kwa urefu, na ili unielewe sina budi kuanza na nguruwe.

Wewe ulirudi nyumbani kabla kazi ya Concilie haijapamba moto. Uliiona tu ile ya mwanzo, alipokuwa akijaribu vipande vidogo juu ya mafiga na tukimcheka. Baadaye alifanya kama alivyojifunza ujanani kwenye jiko la masista kule Gitega: paja zima la nguruwe, lile masista waliloliita jamboni, linazikwa ndani ya chumvi, linatolewa, linakaushwa, linapitishwa kwenye moshi, kisha linatundikwa miezi na miezi bila kuoza. Huku Rubondo watu wanachinja nguruwe Jumamosi na Jumapili jioni hakuna kilichobaki hata masikio. Walipoona mguu wa mnyama unaning'inia ndani ya nyumba yetu kama koti la bwana harusi, walidhani ni uchawi wa Kirundi. Walipoonja, waliacha kudhani.

Nguruwe wa mwisho aliyemtia chumvi kwa mkono wake tulimchinja mwaka jana, kabla ya mvua kubwa. Alikuwa tayari ana homa, lakini Concilie unamfahamu, ukimwambia apumzike anakuuliza kama unataka kupumzika wewe. Mimi nilikuwa shambani nikipanda maharage. Niliporudi nilikuta paja limekwisha kulazwa kwenye sanduku lake la mbao, lile lenye matundu chini, limefunikwa kwa chumvi ya Katwe, na yeye mwenyewe amelala kwenye mkeka amejifunika mablanketi mawili mchana wa jua. Tulimpeleka kituo cha afya, kutoka pale akapelekwa hospitali Mbarara. Yaliyofuata unayajua. Tulimrudisha Rubondo tukamzika, na paja bado lilikuwa ndani ya chumvi.

Siku ile tulipokaa baada ya mazishi, shemeji yangu Astère, kaka yake Concilie, aliingia ndani kutafuta kiti akaliona lile sanduku. Aliuliza ni nini, binti yetu Doriane akamwambia. Alirudi nje akiwa na machozi akasimama mbele ya watu, akasema hilo paja lisiuzwe wala lisiguswe. Liive taratibu kama mwenyewe alivyotaka, na siku litakapokuwa tayari, siku hiyohiyo ndugu wote wakutane walile, na iwe ndiyo siku ya kuganduka, siku ya kuanua matanga. Watu wote wakaitikia. Hata mimi niliitikia. Hivyo ndivyo, dada, matanga ya mke wangu yalivyofungwa kwenye mguu wa nguruwe.

Nililitunza. Concilie akiwa hospitali alinielekeza kila kitu, na mimi nilidhani ananielekeza kwa sababu ya uchungu wa kulala bure, kumbe alikuwa ananiachia. Nilikamua damu iliyobaki kando ya mfupa kwa kidole gumba. Siku za chumvi zilipotimia nililiosha, nikalipangusa, nikalitundika kwenye upepo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Nililipitisha kwenye moshi mdogo wa kuni za mpera, maana kuni za mkaratusi alizikataza kabisa, alisema zinaifanya nyama inuke kama dawa ya kikohozi. Upande usio na ngozi niliupaka mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na unga na pilipili manga, ili usikauke kama gome na nzi wasipate pa kuingilia. Kisha nikalishonea mfuko wa kitambaa cha amerikani. Nilijichoma sindano vidole vyote, Doriane akacheka hadi akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba.

Wakati wa mvua lilitoa ukungu mweupe. Nilitaka kufa kwa hofu. Nikakumbuka maneno yake kwamba ukungu mweupe ni mgeni wa kawaida, unaufuta kwa kitambaa chenye siki na unaendelea na maisha. Wa kuogopa ni mweusi na ule utelezi. Nikawa nafuta. Nafuta na naongea. Mwanzoni nilikuwa naongea habari za nyama, kwamba leo joto limezidi, leo kuna panya juu ya paa. Baadaye nikawa nalipasha habari za nyumbani: maharage yametoka, bomba la kisima limeharibika, padri mpya ana sauti kama ya mtoto. Usinicheke. Mtu akikaa peke yake mchana kutwa huku binti yuko kwenye cherehani kwa watu, ataongea hata na kinu.

Basi mwaka huo huo Joël akaja. Ni kijana wa Kikongo, wazazi wake wanatoka Fizi, fundi mzuri wa mbao, mpole, anakula kwa adabu. Alikuwa anampenda Doriane, na Doriane alikuwa anajifanya haoni huku akibadilisha kitambaa cha kichwa kila akipita. Mama yake Joël, Perpétue, anauza dagaa hapa sokoni na ana ulimi wa kumenyea viazi. Alikuja kwa heshima akaongea nami, akasema wako tayari kuleta pombe na kuomba mtoto. Nikamjibu kama mila inavyotaka, kwamba nyumba iko kwenye matanga, msichana hatoki na pombe ya posa hainywewi mpaka matanga yaondolewe. Akauliza yataondolewa lini. Nikamwonyesha lile paja. Alilitazama, akasema kwao Kongo matanga yanangoja tarehe, hajawahi kuona yanangoja nyama.

Krismasi Astère alituma mtu kuuliza kama tayari. Nikasema bado. Pasaka akauliza tena, nikasema bado, karibu na mfupa ni bichi. Joël akapata kazi kwenye karakana Mbarara, pale Kamukuzi, na chumba cha kupanga, ikabaki mke tu. Doriane hakuniuliza kitu. Alikuwa akipita chini ya lile paja na ndoo ya maji kichwani, anainamisha shingo, anapita. Perpétue ndiye aliyeuliza. Alisimama mlangoni na beseni lake la dagaa, akaniambia: "Baba Doriane, siye tunakungoya mingi. Kama hautaki kutupa mutoto, sema tu, tutafute fasi ingine." Doriane alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo, na nilisikia vyombo vinanyamaza.

Kabla sijafika huko nikwambie habari za Mbarara, maana nazo zimo. Concilie alikuwa na mteja mmoja, mzee Rwakabuba, askari mstaafu anayekaa Kamukuzi kwenye nyumba yenye waridi. Kila Krismasi alikuwa akichukua paja kwake. Baada ya mazishi nilikwenda kumwambia kwamba mama hayupo tena na nyama haipo tena. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kisha akaingia akatoka na miguu miwili ya nguruwe wa shamba lake ndani ya gunia. Aliniambia: "Mzee, wewe uliona mama anatengeneza. Sasa wewe tengeneza. Moja yangu, moja yako." Nilimwambia mimi ni mkulima. Akasema hata yeye alikuwa mkulima kabla hajapewa bunduki.

Nikabeba. Nilipitia Kabingo nikachukua chumvi, nikaitia yote miwili kama nilivyoagizwa, nikiitazama kama mwizi anavyotazama barabara. Ikaiva. Paja lake nilipompelekea, alichukua kijiti cha mfupa, akakichoma karibu na kiungo, akakitoa haraka na kukinusa, kisha akaniita tena nikae. Alisema: "Hii iko sawasawa. Mama alifundisha wewe muzuri." Nilirudi Rubondo nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, nikaliambia paja la Concilie. Langu lilining'inia kando ya lake, nimelishonea amerikani ileile.

Baada ya maneno ya Perpétue, Doriane alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakulia wala hakunijibu vibaya. Alipanda bodaboda akaenda kwa mjomba wake akamleta. Astère aliingia bila kukaa, akaomba kijiti cha mfupa alichokuwa akipimia Concilie, akalichoma paja la dada yake, akanusa. Akampa Doriane anuse. Akanipa na mimi. Harufu ilikuwa nzuri, dada, harufu ya karanga na moshi na nyumba iliyofagiliwa. Astère akaniuliza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, tangu lini nimejua kwamba liko tayari. Nikasema tangu kabla ya Krismasi. Hakunigombeza. Aliweka mkono begani kwangu akataja siku, palepale, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, akaondoka.

Ujue kwamba sikuwa namchukia Joël. Nilikuwa nahesabu viti tu. Concilie akitoka kwa ile sherehe, Doriane anatoka nyuma yake kwa harusi, anabaki nani? Nilijua ni ubinafsi, na nilijua hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilisema bado.

Siku ilifika. Watu walikuja wengi, hata wale wa zone nyingine za kambi. Tulipika ndizi na maharage, pombe ya ndizi ililetwa kwa madumu. Perpétue aliwaleta wanawake wa kwao wakaimba nyimbo za Kikongo mpaka kuku wetu wakahama. Mimi ndiye niliyekata nyama nyuma ya jikoni, vipande vyembamba kama masista walivyofanya, na Doriane akapitisha sahani. Nakwambia, dada. Watu wanakula wamefumba macho. Mzee mmoja wa Makamba alisema mkono wa Concilie hautapatikana tena hapa duniani. Perpétue, yeye mwenyewe, alilamba kidole akasema: "Huyu mama alikuwa na mukono ya pekee. Hata kama amekufa, anatulisha." Wanawake wakaanza kulia, na Astère, mwanaume mzima na ndevu zake, akaweka kipande mdomoni akashindwa kutafuna kwa machozi. Alisema ndiyo ladha ya dada yake, angeitambua popote.

Kisha alisimama akasema maneno yenyewe. Alisema Concilie tumemlilia inavyotosha na leo tumekula chakula chake cha mwisho, sasa tumwache apumzike. Akaniita jina langu lote, akasema kuanzia leo mimi si mtu wa matanga, nilime, nicheke, nicheze, na nikitaka kuoa nioe. Watu wakapiga makofi. Mimi niliitikia kwa kichwa tu. Walidhani sauti imenikwama kwa huzuni.

Harusi haikukawia. Padri mwenye sauti ya mtoto aliwafungisha kwenye kanisa letu, Doriane akavaa gauni aliloshona mwenyewe, na nilimshika mkono mpaka mbele nikamkabidhi. Nilitembea vizuri, goti halikuniaibisha. Jumatatu walipakia godoro na masufuria wakaenda Mbarara. Doriane alinifagilia nyumba kabla ya kuondoka, akanijazia maji, akaniachia maharage yaliyochaguliwa. Nilisimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia, halafu nikaendelea kusimama kwa sababu sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Tangu hapo, dada, ukimya wa nyumba hii una uzito. Naamka nasema habari ya asubuhi, na hakuna wa kusema nzuri. Napika chungu kidogo na bado kinabaki, nakila kesho yake kikiwa kimechacha. Majirani ni wema, wananiita nikae nao; kuna hata mama mmoja mjane aliyeniletea ndizi na kunisifia uwanja wangu ulivyo safi. Nilimshukuru. Nilimrudishia sinia lake mchana, watu wakiona, nisije nikaeleweka vibaya.

Sasa nafika pale ambapo kalamu imekuwa ikinikataza kufika.

Nyama waliyokula siku ile haikuwa ya Concilie. Ilikuwa yangu. Ulikuwa mguu wa nguruwe wa Rwakabuba, nilioutia chumvi mimi, kwa mikono yangu hii ya jembe. Asubuhi ya siku ile wanawake walipokwenda kisimani, nilipanda juu ya kigoda nimkate kamba Concilie, maana ndivyo nilivyokuwa nikiliona lile paja, na mkono ulikataa. Niliwaza kwamba watu wangemla mchana mmoja tu, wakipangusa vidole kwenye suruali, na jioni nisingekuwa na chochote alichokigusa isipokuwa kaburi. Nikakata kamba ya lile lingine. La kwake nililivingirisha kwenye blanketi lake nikalisukuma chini ya kitanda. Doriane alipouliza la pili liko wapi, nilimwambia langu lilioza kwenye mfupa, nimelifukia. Alinihurumia, dada. Alinishika shavu akaniambia nisihuzunike, mama naye aliharibu mengi kabla ya kujua.

Kwa hiyo wale waliolia walilia juu ya mkono wangu. Astère alitambua ladha ya dada yake kwenye nyama ambayo dada yake hakuigusa. Nilipaswa kujivuna, kwamba nimejifunza kiasi hicho. Badala yake nilihisi upweke kuliko siku ya mazishi, kwa maana mahali pale palijaa watu na mimi peke yangu ndiye niliyejua yeye hayumo.

Ningeweza kunyamaza nalo mpaka kufa. Lakini juzi Doriane alinipigia simu, akasema ana mimba. Ilinipasa kupiga vigelegele kama mwanamke, na mimi nilikaa chini kwenye kizingiti nikaogopa. Je, matanga yaliondoka? Maneno yalisemwa kwa haki, lakini yalisemwa juu ya chakula cha uongo. Na kama hayakuondoka, basi mwanangu ametoka kwenye nyumba ya kilio bila kujua, na mtoto anayekuja anakuja juu ya kilio hicho. Padri angeniambia hayo ni mambo ya kienyeji. Simuulizi padri, nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki na unajua jinsi wazazi walivyofanya.

Doriane alisema pia kwamba wamepata vyumba viwili, nije nikae nao Kamukuzi, mtoto asikulie mbali na babu yake. Nadhani unajua nilimjibu nini. Nilisema bado.

Nilipokata simu nilikuwa na hasira juu yangu. Nikalitoa paja kutoka kwenye blanketi, nikalitundika kwenye ndoano yake mchana kweupe, nikafumua ule mfuko. Nikalifuta. Nikanoa kisu. Nilikata kipande kimoja chembamba mahali ambapo yeye angeanzia, nikakiweka kwenye ulimi.

Dada, ilikuwa chumvi tupu. Iliniunguza mdomo mpaka nikatema. Nilidhani ni ulimi wangu, nikanywa maji, nikakata cha ndani zaidi, kilekile. Kwa pua huwezi kulijua hilo, ndiyo maana sisi sote tulinusa tukasema tayari. Nikakaa na kisu mkononi nikakumbuka mfuko wa chumvi ya Katwe tulioununua mwaka ule, uliopaswa kutosha nguruwe mwingine, na nilipoukuta hauna kitu nilimlaumu jirani kwamba ameazima bila kuomba. Hakuazima mtu. Concilie alilitia chumvi akalala, akaamka na homa yake asikumbuke kama amelitia, akalitia tena. Huenda na mara nyingine tena. Mwanamke aliyekuwa akijua kipimo kwa kiganja tu. Aliumwa kiasi hicho, ndani ya nyumba hii, na mimi nilikuwa nafukia maharage.

Wangelila siku ile wangelitema, kila mtu, na wangeelewa yote mbele ya mtoto wake. Kwa hilo pekee sijutii nilichofanya. Kwa mengine yote sijui.

Sikulitupa. Kesho yake nilipika maharage bila chumvi, nikatia ndani kipande kidogo cha ile nyama, nikaacha yachemke. Yalikolea sawasawa. Yalikuwa matamu kama yale ya zamani. Tangu siku hiyo nafanya hivyo kila siku, kwa maharage, kwa mboga, hata kwa viazi. Sijanunua chumvi tena. Yeye ndiye anayenitilia chumvi kwenye chungu, dada, kama alivyofanya miaka yote, na ninapokula siko peke yangu kwa muda ule wa kula.

Lakini linapungua. Nikikata kidogo kidogo linaweza kufika Pasaka, kisha nitabaki na mfupa, na itanibidi niende dukani nikanunue chumvi kama watu wote. Naiogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa nyingine yoyote. Siku hiyo nataka uwe hapa. Mguu wako ukikubali, njoo kabla ya Pasaka, hata kwa taratibu. Tutapika maharage ya mwisho, mimi na wewe tu, bila madumu na bila nyimbo, na ukishashiba useme yale maneno upya, unitaje jina langu. Safari hii nitaitikia kwa sauti. Halafu nitafunga mlango, nimpe jirani funguo, nikamwone mjukuu.

Usimwambie Astère. Doriane nitamwambia mwenyewe akishajifungua salama.

Nisalimie wanao na wajukuu wote kwa majina, umsalimie na padri wa parokia yenu aliyetufundisha katekisimu kama bado anaona vizuri. Waambie majirani wa zamani kwamba Venuste yupo, analima. Élyse atanijulisha kwa simu kwamba barua imekufikia, lakini jibu lenyewe nakuomba uliandike kwa mkono wako, hata kama ni mistari michache. Mungu akulinde, akuponye huo mguu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Venuste Nshimirimana